Duka la Sebuleni: Namna ya Kumfundisha Mtoto Pesa na Kazi kwa Kuigiza

Panga mezani sarafu tano za moja moja, ziachane kidogo. Pembeni weka noti moja ya tano. Mwambie mtoto wa miaka mitano achague. Atazoa sarafu, tena chapuchapu, asije akapokonywa. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka sita au saba hupima wingi kwa macho: safu iliyotandazwa huonekana ina vitu vingi zaidi, hata kama hukuongeza hata kimoja. Sasa mtoto huyohuyo anakuona unagusa simu au kadi, kisha bidhaa inawekwa mfukoni. Hajaona kitu kikihesabiwa wala kikipungua. Akilia dukani anunuliwe, ukamjibu kwamba pesa hakuna, anakushangaa: si simu hiyo hapo?

Mchezo wa duka ni dawa nzuri ya jambo hili, na watoto hawahitaji kufundishwa kuucheza. Majani huwa noti, mchanga huwa bidhaa. Tatizo ni kwamba majani hayaishi mtini, na wateja wa mchezo ule hununua chochote kwa bei yoyote. Kwa hiyo kazi yako mtu mzima ni kuongeza mambo mawili tu: pesa inayoweza kuisha, na mteja anayeweza kukataa. Yakikosekana hayo, hata ukinunua mashine ya keshia ya plastiki yenye kengele, watoto watajifunza kupiga kengele.

Ninayoeleza hapa nimeyafanya na watoto wanne wa kwetu, wangu wawili na wa kaka yangu wawili. Mkubwa ana miaka 11, mdogo mitano. Mwalimu mwenye watoto 40 anaweza kuyafanya vilevile kwa makundi.

Hatua ya kwanza: Tengeneza pesa, kisha funga kiwanda

Kata karatasi ngumu, boksi la viatu linatosha. Noti za 1, 5, 10 na 20. Waache watoto wachore na waipe pesa yao jina, maana watabishana nusu saa nzima kuhusu jina hilo na baada ya hapo wataiheshimu kuliko ile ungewapa wewe. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita tumia za moja moja peke yake. Atakapokuja mwenyewe kukuuliza kama anaweza kubadilishiwa vipande vitano kwa noti moja, ujue amevuka daraja.

Jumla ya pesa zote iwe 100, na namba hiyo iandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Kila mtoto aanze na 10. Zilizobaki 60 zinakaa kwenye kopo, ambalo ndilo benki. Hapo funga kiwanda: hakuna kuchora noti nyingine hata wakililia.

Watakuuliza kwa nini. Usieleze. Fanya nilivyofanya siku ya nne. Nilipiga mnada penseli moja mpya, kila mtoto akiwa na 10. Ikaenda kwa 9. Nikafungua kopo, nikamgawia kila mmoja 10 nyingine, wakaruka kwa furaha. Nikaleta penseli ya pili, ndugu wa ile ya kwanza. Ikaenda kwa 17. Yule wa miaka tisa alikaa anaziangalia zile penseli mbili, akazigeuza, akasema, "Lakini shangazi, hii haijawa ndefu." Huo ndio mfumuko wa bei, na sidhani kama ningemweleza vizuri zaidi ya alivyojieleza.

Hatua ya pili: Chagua kazi ambazo matokeo yake yanakaguliwa

Hapa ndipo watu wazima wengi tunapokosea. Tunamvika mtoto koti jeupe, tunamwita daktari, tunampiga picha, basi. Mtoto amejifunza nguo, kazi hakuiona. Kuigiza udaktari ni kuzuri kwa mambo mengine, lakini kwa somo la pesa unahitaji kazi inayoacha kitu mezani ambacho mtu mwingine anaweza kukishika, kukipima na kusema hiki sikitaki.

Kazi zilizofaa kwetu: fundi wa bahasha, mchoraji wa kadi, mpeleka mizigo kutoka chumba hadi chumba, mkutubi wa vitabu vya nyumbani, mfagiaji wa soko, na keshia wa benki. Kila kazi iandikiwe karatasi fupi: nini kinatakiwa, kwa kipimo gani, malipo kiasi gani. Kwa bahasha tuliandika: "Pembe nne zimefungwa, gundi haitoki nje, barua inaingia. Pesa 1 kwa kila bahasha."

Mtoto wangu wa kwanza alipata oda ya bahasha 10. Akazimaliza mbio, akaja na rundo mkono ulionyooshwa kudai 10 zake. Mteja alikuwa binamu yake, mtu wa kukagua. Akaingiza kidole kwenye kila bahasha. Tatu zilifunguka pembeni. Akalipa 7.

"Lakini nimefanya kazi muda mrefu!"

"Nami nataka barua zangu zisidondoke."

Nilitamani sana kuingilia. Vidole vyangu vilikuwa vimeshagusa kopo la benki. Nikajizuia, na dakika kumi baadaye fundi alirudi na zile tatu zimebandikwa upya, akalipwa. Kuanzia siku hiyo akawa anabonyeza kila pembe kwa rula na kuhesabu hadi ishirini kabla ya kuachia. Sikumfundisha mimi.

Kuhusu malipo, wajaribu aina zote mbili. Siku moja walipwe kwa kipande, siku nyingine mshahara wa siku. Utaona wenyewe wanavyobadilika: kwa kipande wanakimbia na kulipua, kwa mshahara wanachora taratibu na kupiga soga. Waulize mwenye duka angependa ipi na fundi angependa ipi. Majibu hayatafanana, na si lazima yafanane.

Kazi zipangwe kwa kura na zizunguke. Ukiacha wachague wenyewe, mkubwa atakuwa meneja siku zote, wasichana watapewa kufagia, na mdogo atakuwa mteja mpaka achoke. Mwisho wa juma kila mtoto awe ameajiri na ameajiriwa.

Hatua ya tatu: Fungua duka, na umfanye mwenye duka alipie kila kitu

Mtoto akiuza bahasha nne kwa 3 kila moja, atakwambia amepata 12. Mwache afurahi kidogo, kisha mkae naye sakafuni na vitu vyenyewe. Alinunua karatasi sita kwa 1 kila moja: toa 6. Meza ya soko ina kodi ya pango ya 2: toa 2. Kilichobaki mkononi ni 4. Na bahasha mbili hazijanunuliwa, ziko palepale zinamwangalia.

Fanya hesabu hii kwa kusogeza noti, si kwa kuandika. Weka vikopo vitatu: cha kununulia karatasi za kesho, cha pango, na cha faida. Noti zile 12 zitembee kutoka mkononi kwenda kopo hadi kopo, mtoto akiziona zinavyomkimbia. Kile cha faida kikibaki na noti nne tu, tofauti ya mauzo na faida imeingia kichwani bila neno moja la kitaalamu. Wapo watu wazima wenye maduka ya kweli ambao wangefaidika na vikopo hivi, lakini hilo tuliache.

Bei wapange wenyewe, na wateja waruhusiwe kuomba wapunguziwe. Weka sharti moja tu: anayeomba apunguziwe atoe sababu, na anayekataa atoe sababu.

Chenji inataka mazoezi. Usimfundishe kutoa, mfundishe kuhesabu kwenda juu. Bei ni 7, mteja katoa noti ya 20. Keshia anaweka moja moja kiganjani mwa mteja akisema, "Nane, tisa, kumi," kisha anaweka noti ya 10, "na ishirini." Hakuna kukopa kwenye makumi, hakuna kuumia kichwa. Mtoto wa miaka saba anaimudu baada ya wateja watano au sita. Na mteja naye afundishwe kutoondoka mbele ya keshia kabla hajahesabu. Siku moja moja nilikuwa nawapa chenji pungufu makusudi; waliokuwa hawahesabu walianza kuhesabu.

Hatua ya nne: Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Safu tatu zinatosha: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Asiyejua kuandika achore alama. Jioni iliyobaki daftarini ilinganishwe na iliyobaki kwenye kopo, na zisipolingana mchezo haufungwi mpaka kosa lipatikane. Nitarudi kwenye hili.

Hatua ya tano: Benki, akiba na mkopo

Kanuni ya kwanza ya benki ya sebuleni: ahadi itimizwe kwa dakika. Ukisema atakayeweka 10 leo atachukua 11 kesho asubuhi, basi kesho asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, 11 iwe mezani. Ukimwambia "subiri mama yuko bize", umefundisha somo jingine kabisa.

Katika utafiti uliotolewa mwaka 2013 na watu wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano waliachwa na peremende moja mezani na kuambiwa wakivumilia wataongezwa ya pili. Kabla ya hapo, nusu yao walikuwa wameahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea na mtu mzima, vikaletwa. Nusu nyingine waliahidiwa, mtu akarudi mikono mitupu akiomba radhi. Waliotimiziwa walivumilia kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa ahadi walivumilia dakika 3. Kabla ya kumwita mtoto mlafi asiyejua kuweka akiba, tazama kwanza benki anayoijua yeye inaendeshwaje, na meneja wa benki hiyo ni wewe.

Mkopo uje baada ya akiba, siku ya tatu au ya nne. Anayekopa 10 arudishe 12, na aseme mbele ya wote atazipata wapi. Kukopa harusi, kulipa matanga: utaona uso wa mtoto siku ya kulipa na utaelewa waliotunga msemo huo walikuwa wanazungumzia nini. Mwache keshia aeleze ile 1 ya ziada ya mwenye akiba inatoka wapi: inatoka kwenye zile 2 za mkopaji. Hili huwashangaza, maana hudhani kopo linazaa.

Familia isiyotaka riba, hata kwa mchezo, itumie ushirika. Mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi, na wanakubaliana kabla jinsi ya kugawana faida, kwa mfano nusu kwa nusu. Biashara ikianguka bila uzembe, mwenye mtaji anapoteza pesa na mwenye kazi anapoteza jasho lake. Kwa kweli mimi naona njia hii inafundisha zaidi, kwa sababu mwenye pesa hawezi kukaa pembeni akisubiri tarehe. Anakuja kuangalia gundi imekauka au bado.

Hatua ya sita: Kodi, kwa sababu mfagiaji hana mteja

Siku ya pili au ya tatu mfagiaji wa soko atalalamika: kila mtu anapita kwenye soko safi lakini hakuna anayemnunulia kitu. Usitatue. Waite wote, waulize nani amlipe. Kwetu mjadala uliishia kwa kila mwenye duka kutoa 1 kila siku. Siku ya pili mmoja aligoma, akidai kwake hakuna uchafu. Mfagiaji akaacha vipande vya karatasi mbele ya meza yake tu. Wakaelewana.

Jambo hili linaweza kupanuka sana. Mjini Munich, Ujerumani, tangu mwaka 1979 huwa kuna mji wa watoto wakati wa likizo ya kiangazi, uitwao Mini-München, ambako watoto hufanya kazi, hulipwa pesa za mji huo, hulipa kodi na huchagua meya wao. KidZania, iliyoanzia Mexico mwaka 1999, ni biashara ya wazo linalofanana na hilo: mtoto analipwa kwa kazi ya kuigiza na anatumia malipo humohumo ndani. Huko majengo ni mazuri na sare zinang'aa. Lakini hakuna kitu cha msingi kinachofanyika huko kisichowezekana kwa boksi la viatu na mkasi.

Hatua ya saba: Mwache afilisike

Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Andaa vikaratasi vya matukio, kila asubuhi kimoja kivutwe: mkasi umevunjika, lipa 3 kuutengeneza, mvua imelowesha karatasi mbili, mteja mkubwa anataka kadi 5 kabla ya saa sita. Mwenye akiba anasonga mbele. Asiyekuwa nayo anakwama.

Mdogo wetu alikwama siku ya pili tu. Alitumia 10 zake zote asubuhi kununua kadi zenye nyota, akaja saa nne kutaka kusukumwa kwenye mkokoteni wa boksi, nauli 2. Akatia mkono mfukoni, akatoa kadi. Dereva akasema kadi si nauli. Machozi. Alinigeukia mimi, na kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kumpa 2 kutoka benki. Ni karatasi tu, si ndiyo? Lakini kwa kuwa ni karatasi tu ndiyo maana hapa ndipo mahali pazuri pa kuishiwa. Nikamkalisha mapajani, nikamwambia inauma, najua, tusome ubao wa kazi. Kulikuwa na kazi ya kupeleka vitabu vitatu kwa mkutubi, malipo 2. Akapeleka, huku akifuta kamasi. Akalipwa, akapanda mkokoteni. Kesho yake alinunua kadi moja.

Kuna mipaka. Mtoto asichekwe akifilisika, na anayecheka alipe faini. Pawe na kazi ndogo ubaoni wakati wote ili aliyeanguka apate pa kushika. Na mtoto mwenye homa au usingizi asifilisishwe. Mchezo usogezwe hadi kesho.

Pesa ya kweli iingie lini?

Watoto watakuuliza mapema: "Tukifagia kweli, utatupa pesa kweli?" Mimi jibu langu ni hapana, na najua wapo wazazi wasiokubaliana nami. Mwaka 1973 watafiti watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walitoa matokeo ya jaribio kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, baada ya muda walichora kidogo kuliko ambao hawakuahidiwa chochote. Nikimlipa mwanangu kwa kutandika kitanda chake, siku nitakapokosa pesa kitanda kitabaki hivyohivyo, na atakuwa na hoja. Kazi za nyumbani zibaki kazi za nyumbani.

Pesa ya kweli iingie kama posho ndogo isiyobadilika, kila wiki siku ileile, ikiwa uwezo upo, na mtoto atumie vikopo na daftari lilelile alilozoea. Akiharibu, usimlipie. Uwezo ukikosekana, mpe bajeti ya kitu ambacho ungekinunua vyovyote vile, kama madaftari ya shule, aende dukani akalinganishe bei mwenyewe na akurudishie chenji na risiti.

Tena usiruhusu mchezo ugeuke kibarua. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kucheza, na kifungu cha 32 kinamlinda na kazi ya kunyonywa au ya kumzuia kusoma. Kipimo changu ni chepesi: mtoto akisema "nimechoka" na akaruhusiwa kuondoka palepale bila hasara yoyote nje ya mchezo, ni mchezo.

Kufunga soko

Saa moja na nusu kwa siku inatosha, kwa juma moja. Mwishoni ulizeni maswali machache vitu vikiwa bado mezani: nani alilipwa kidogo kuliko alivyotarajia na kwa nini, kitu gani hakikununuliwa, kesho utabadilisha nini. Usihutubie. Ukianza kuhutubia watoto wataanza kuangalia dirishani.

Kisha noti zote zirudi kwenye kopo na zihesabiwe kwa sauti mpaka 100, ile namba ya ukutani. Kwetu mara ya kwanza zilifika 97. Tulipekua chini ya zulia, ndani ya vitabu vya mkutubi, kwenye mkokoteni. Daftari lilisema hakuna aliyedaiwa. Saa mbili usiku, mdogo akiwa anavuliwa suruali ya mchana, zikadondoka tatu kutoka mfuko wa nyuma. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa keshia wa benki. Alisema alikuwa anazilinda.